Mizunguko Elfu Tano na Kuku Mmoja

Mimi Riziki nimestaafu. Nina miaka kumi na saba. Mapendo na Salima, ninyi ambao kwaya imewapa kazi yangu, najua mtacheka hapa, na mama yangu amekwisha kucheka. Lakini nimetumika miaka mitatu kama fundi wa gitaa ya kanisa letu hapa Baraka, yote mitatu ni ya vita, na mwaka wa vita mtu anauhesabu mara mbili. Basi ni sita. Naandika ndani ya kaye yangu, daftari la shule, kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi. Siku ile mlipokuja nyumbani kuuliza gitaa inafunguliwa namna gani, niliwaonyesha kwa kidole, kisha nikakimbilia jikoni. Mnisamehe. Majibu ni haya.

Mambo ya vyeo sitaandika. Nilikuwa na cheo kimoja tu, "ule mutoto wa mama wa cherehani", na sikupandishwa.

Siku ya kwanza ya kazi sikujua kama ni siku ya kazi. Gitaa ilitoka Kigoma kwa boti, imefungwa ndani ya mkeka. Ilikuwa gitaa ya umeme ya bei ya chini kabisa, nyekundu kama pilipili na nyepesi kama mwiko. Yaya Amisi, kaka mkubwa na mpiga gitaa wetu, ambaye mpaka siku ile alikuwa anapiga gitaa ya bidoni, dumu la mafuta, aliyojitengenezea mwenyewe, aliishika kama vile mtu anashika mtoto wa mwenzake. Wakaunganisha ampli na batri ya gari. Gari lenyewe lilikufa mwanzoni mwa vita, batri ndiyo ilibaki. Yaya Amisi akapiga kamba zote sita kwa nguvu. Tukasikia mbu aliyefungiwa ndani ya chupa.

"Ongeza," akasema Mama Prezidenti, yule mama mkubwa wa kwaya ambaye hata pasta anamwogopa.

"Mama, nimeongeza mpaka mwisho."

"Basi ongeza mwisho."

Walitaka kuifungua, na turnevisi, yaani bisibisi, ndogo kuliko zote pale mtaani ilikuwa ya cherehani ya mama yangu. Nikatumwa kuileta. Nikaileta. Yaya Amisi akaipokea bila kuniangalia, nami nikabaki nimesimama, kwa sababu mama alisema nisirudi bila turnevisi, na haya ilinizuia kuidai. Nilisimama mpaka jioni. Nilimshikia skrubu, nikamshikia waya, nikashika kila kitu isipokuwa turnevisi. Kesho yake akaniita tena. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza la kazi. Chini ya kamba kuna visanduku viwili vidogo, kimoja karibu na shingo na kingine nyuma. Hivyo sisi tunaviita mikro. Ndani yake mna sumaku, na waya mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara nyingi sana. Kamba ya chuma ikitetemeka juu yake, mikro inasikia na kupeleka habari kwenye ampli. Mikro ya gitaa haisikii mtu. Inasikia chuma. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyoamini, na nitafika kwenye aibu yangu baadaye.

Shuleni pia tulikuwa tumeanza somo hilo. Mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni: "Sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, ndani ya waya kunatokea", na pale pale bunduki zikalia upande wa mlima. Tukatoka kwa madirisha. Shule ikafungwa miezi minne, nami nikakaa miezi minne bila kujua ndani ya waya kunatokea nini.

Katika kukimbia kule, gitaa ilibaki kwetu, kwa sababu Yaya Amisi alikuwa amekimbilia upande mwingine. Mama akaniambia niifunge mgongoni kwa kitenge kama mtoto, maana watoto hawanyang'anywi. Tukatembea kwenda shambani kwa shangazi, na njiani tukakuta kizuizi. Mwanajeshi mmoja akanizunguka.

"We, mutoto wako iko na shingo murefu sana. Juu ya nini?"

Mama akajibu kabla sijafa.

"Ni wa ukoo wa baba yake. Kule bote njo vile."

Yule mwanajeshi akafungua kitenge. Akacheka mpaka akaita wenzake. Kisha akaona kikopo mkononi mwangu, kile cha kuungia waya, akauliza mna nini. Ni lile neno pekee nililoweza kusema siku hiyo, na nilisema vile tunavyosema sisi mafundi:

"Risasi."

Kucheka kukaisha. Bunduki mbili zikaniangalia. Mama akapiga kelele, "Ya kuyeyusha! Ya kuyeyusha, baba! Ya radio!" Wakafungua kikopo, wakakuta vipande vidogo vya ile risasi laini ya mafundi, wakapumua. Yule wa kwanza akataka tumpigie gitaa ili ajue kama ni kweli. Nikapiga kamba moja. Akainama mpaka sikio likagusa mbao.

"Hata mbu analia kupita hii," akasema, akaturudishia. Walikuwa wamechukua redio za watu wote tangu asubuhi. Gitaa yetu hawakuitaka. Wadogo zangu, andikeni hivi: kwenye njia, tangulizeni neno "waya". Risasi itafuata polepole.

Tuliporudi Baraka, kamati ya kwaya ikakaa. Mama Prezidenti alisema kanisa haliwezi kutunza mbu. Pasta anatembea kwa miguu kuona wagonjwa, na kuna mtu wa Fizi yuko tayari kutoa baskeli, tena nzima, kwa ajili ya gitaa. Yaya Amisi alikuwa anaangalia vidole vyake. Katika kukimbia alipoteza nyumba na ile gitaa ya bidoni pamoja, na hakuwa na kingine anachojua kufanya. Mwishoni wakakata neno, na karani akaliandika: Siku ya Mavuno, kama gitaa itasikika mpaka mlangoni, inabaki. Isiposikika, inakwenda Fizi, na baskeli inakuja.

Na mlangoni anakaa nani? Mzee Lubunga, mlinzi wa mlango, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yangu. Yeye ndiye atakayekuwa mwamuzi.

Tulikuwa na majuma saba. Yaya Amisi akamtuma mwenye boti mmoja Kigoma, akamwambia, "Utuletee mikro nzuri ya gitaa." Yule mtu akarudi baada ya majuma matatu, na furaha yote, akatoa ndani ya mfuko mikro ya kuimbia. Ile ya kushika mkononi, yenye kichwa kama yai la bata.

"Papa, hii ni mikro ya mudomo!" akalia Yaya Amisi.

"Uliomba mikro. Hii si mikro?"

"Ya gitaa!"

"Basi uweke karibu na gitaa! We unataka nikuimbie pia?"

Hatukuweza kumkasirikia. Neno ni moja, na kule ng'ambo wanazungumza vyao. Mikro ya mdomo ikawekwa ndani ya sanduku la vitabu vya nyimbo, nami nikatumwa kwa Papa Wilondja.

Papa Wilondja alikuwa fundi wa redio sokoni, na ndiye mwalimu wangu. Alikuwa na meza moja, miwani yenye kioo kimoja, na mbabula ya makaa ambayo juu yake alipashia chuma cha kuungia na chai yake, mara nyingine vyote kwa pamoja. Alikuwa hapendi watu wanaosema sana, kwa hiyo tulielewana. Siku ya kwanza tulikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akaniambia maneno mawili tu: "Shika" na "Iko moto." Alipaswa kuanza na la pili.

Nilimwonyesha kaye yangu ya fizikia, pale mwalimu alipokatiwa. Akasoma, akachukua kalamu, akamalizia: "umeme kidogo." Kisha akasema, "Bwalimu banakimbia mapema sana. Ilibaki maneno mbili."

Alifungua mikro za gitaa akanionyesha ugonjwa wake. Sumaku ilikuwa nyembamba kama kipande cha biskuti, na waya ulizungushwa kidogo tu, kama mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Tukatengeneza zetu. Vibao vya juu na chini tulikata kwenye bidoni ya mafuta. Misumari sita, mmoja chini ya kila kamba, iliyosuguliwa kwenye jiwe mpaka ilingane. Sumaku tulivunja kutoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Waya ulitoka kwenye transfoma ya redio nyingine, na kuufungua bila kuukata ni kazi ya siku mbili na maombi. Waya huo una rangi ya kuukinga juu yake. Mwisho wake muukwangue kwa wembe kabla ya kuunga, la sivyo mtaunga rangi na rangi, na gitaa itanyamaza kama mimi.

Papa Wilondja alisema tunahitaji mizunguko elfu tano au zaidi. Kwa mkono ni mwezi mzima. Nikamwambia, kwa sauti ambayo alilazimika kuniambia nirudie mara tatu, kwamba cherehani ya mama ina kijiti cha kujazia bobini, na kinazunguka mbio. Akavua miwani. Aliniangalia kama vile redio iliyokufa imesema yenyewe.

Basi mama akakaa kwenye cherehani anazungusha mpini, nami nikaongoza waya kwa vidole viwili. Ukivuta sana unakatika, ukilegeza unavimba kama tumbo. Katika mikro ya kwanza ulikatika mara nne. Kuhesabu kulikuwa hivi: mama anahesabu mizunguko kimoyomoyo, akifika mia moja anasema "Ee!", nami natupa punje moja ya mahindi ndani ya sahani pembeni. Hesabu ya mikro ya shingo ilikwenda vizuri, punje hamsini. Kwenye mikro ya nyuma, tulipodhani tumefika karibu, nikageuka kuangalia sahani. Kuku wa jirani alikuwa amesimama juu yake, anapangusa mdomo.

"Amekula ngapi?" mama akauliza.

Nani anaweza kujua? Tuliongeza kwa kukisia, na kwa hasira pia, mpaka kibao kikajaa na mizunguko ya mwisho ikakaa ovyo, imelegea. Ndiyo sababu kwenye kaye ya vifaa vya kwaya nimeandika kwamba mikro ya nyuma ina mizunguko elfu tano na kuku mmoja. Karani alitaka nifute. Sikufuta.

Ilipobaki siku mbili tukaijaribu. Ukitaka kujua kama mikro iko hai, unagusa msumari kwa turnevisi na ampli inasema "tok". Ya shingo ikasema tok. Ya nyuma ikasema TOK, na mbuzi watatu wakakimbia. Yaya Amisi akapiga kamba moja, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Alirudi macho mekundu akisema ni moshi. Mbabula ilikuwa imezimika.

Papa Wilondja alikunja uso tu. "Hii ya nyuma iko na masikio mengi," akasema. "Waya haujatulia. Inafaa kuiingiza ndani ya nta." Lakini nta hatukuwa nayo, na siku hazikuwapo. Yaya Amisi akasema ataipiga hivyo hivyo.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka nje: mihogo, ndizi, dagaa, na watu wa kila kijiji walioikimbia vita. Mimi nilikaa nyuma ya ampli, chini, mahali pangu ninapopenda, mkono kwenye batri. Gitaa ilikuwa juu ya kiti, imeegemea, imewashwa, inangoja wimbo. Kwanza Pasta aombe.

Pasta wetu, Mungu amlinde, anaomba kwa kufuata barabara. Siku ile alianzia Uvira. Aliwaombea waliobaki na waliokimbia, akashuka Mboko, akaombea wavuvi, nyavu na wagonjwa. Akaingia Lusenda. Nami nasikia kwa mkono batri inavyopata joto, naona taa ya ampli inavyofifia. Ikifa kabla ya wimbo, basi ni baskeli. Halafu nikaona waya wa mikro ya nyuma umechomoka kidogo. Nikatambaa mpaka kwenye kiti, nikainama, mdomo karibu uguse kamba. Yaya Amisi naye akainama.

"Iko nini?" akauliza kwa ishara.

Nami nikamnong'oneza, kwa sauti yangu ile ambayo mama mwenyewe haisikii mezani:

"Pasta ndiyo kwanza eko Lusenda. Mbele afike Fizi batri itakuwa imekufa."

Mikro ya gitaa haisikii mtu. Inasikia chuma. Isipokuwa ile ambayo waya wake haujatulia, ambayo imekula mahindi.

Sauti yangu ilitoka kwenye bafle, yaani spika ya ampli, kubwa kama sauti ya siku ya mwisho. EKO LUSENDA. Ikapiga ukuta wa nyuma ikarudi. IMEKUFA. Kanisa lote likafungua macho. Mimi nikafunga yangu. Nilitamani bunduki zilie upande wa mlima ili sote tutoke kwa madirisha, na Mungu anisamehe kwa kutamani hivyo.

Ndipo kule mlangoni Mzee Lubunga akasimama, fimbo juu, uso unang'aa:

"Nimesikia!"

Mtu mmoja akaanza kucheka kwa pua, kisha benchi lake, kisha wote. Pasta alishika kitambaa mdomoni. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Alipoweza kusema, alisema:

"Na bale bote banabaki, Bwana anajua barabara. Amina."

Yaya Amisi hakungoja Amina ipoe. Alinyakua gitaa akapiga, na ilikuwa sauti nzima, nene, yenye tumbo, watu wakainuka na mihogo yao mikononi. Batri ilikufa katika ubeti wa mwisho. Hakuna aliyegundua, maana walikuwa wanaimba wenyewe.

Kamati ilikaa siku ile ile. Mtu mmoja, aliyependa habari ya baskeli, alisema Mzee Lubunga hakusikia gitaa, alisikia Riziki. Mzee akaulizwa. Akakiri kwamba muziki wenyewe hakuusikia vizuri, lakini habari za Lusenda alizipata zote.

"Hiyo maneno ilitoka ndani ya gitaa ao haikutoka?" akauliza Mama Prezidenti.

"Ilitoka, lakini..."

"Lakini iko Fizi. Hapa ni Baraka. Imesikika, inabaki."

Pasta anaendelea kutembea kwa miguu. Anasema inamsaidia kuifahamu barabara.

Baadaye nilikwenda kwa Wakatoliki kutafuta nta. Mtunza kanisa wao alishangaa.

"Baprotestanti banakuya kuomba mishumaa? Nani amekufa?"

"Ni ya gitaa," nikasema.

"Gitaa yenu imekufa?"

Alinipa vipande vya mishumaa ya nta kikombe kizima, na pole. Mnaiyeyusha polepole ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mnazamisha mikro mpaka mapovu yaishe, mnaitoa, mnaiacha ipoe. Baada ya hapo inasikia kamba tu. Mikro ya shingo nimeiingiza. Ya nyuma Yaya Amisi alinikataza, na ninyi msiiguse. Kitufe cha kuchagua mikro kiko chini ya mkono wake wa kuume. Pasta akirefusha tena maombi, anaona mkono ule unashuka kwenye kitufe, na neno Amina linakuja lenyewe.

Sasa sababu ya kustaafu. Baada ya ibada ile ya Mavuno mama mmoja alinifuata jikoni ya kanisa, hapo hapo ninapokimbiliaga. Alitoka Misisi kwa miguu, na watoto wawili, na wa tatu hajui aliko. Hakukasirika. Alisema tu, "Mutoto, ulimukata Pasta. Misisi hakufika. Mi nilikuwa nangoja Misisi."

Sikulala vizuri. Nilimwandikia Pasta barua, nikaipitisha chini ya mlango. Akajibu mbele ya watu wote, kama adhabu. Kuanzia sasa yeye ataomba kwa ufupi, na orodha ya vijiji itasomwa na yule mwenye haraka. Ndipo wakatoa mikro ya mdomo kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo. Kwaya ikasema siwezi kusoma mbele na kukaa nyuma ya ampli kwa wakati mmoja, wakawaita ninyi.

Basi nawaachia turnevisi. Mama amekubali, ila mtairudisha kila Jumamosi, na mkiogopa kuidai kwa Yaya Amisi, simameni pale pale mpaka jioni. Batri muichaji tangu Ijumaa, nimewaomba mara mbili. Jumapili iliyopita mlisahau, na nilikuwa nimefika Lusenda, tena, wakati ilipokufa. Nilisikia mikro imekuwa chuma tupu mkononi. Nilikwisha kuangalia mlango wa jikoni ya kanisa uko umbali gani. Lakini yule mama wa Misisi alikuwa benchi la tatu, ameinua uso. Nikaiweka mikro chini nikaendelea kwa sauti yangu mwenyewe, Baraka, Fizi, Lulimba.

Nilipofika Misisi, Mzee Lubunga aliinua fimbo kule mlangoni.